Makosa Saba ya Kitabu Kizuri

Mstaafu mmoja wa mizani ya malori alikuwa na vitu viwili vya kujivunia: cheti cha masomo ya jioni, alichokipata akiwa na miaka hamsini na sita, na kitabu cha trigonometria, alichokinunua baadaye ili asionekane mtu wa cheti kimoja. Kilikuwa kitabu kizuri kwelikweli. Michoro safi, maneno machache, na kila hatua ilimshika msomaji mkono kama mtoto anayevushwa barabara. Tatizo ni kwamba mstaafu hakupenda kushikwa mkono. Aliiruka mifano yote, akaenda moja kwa moja kwenye maswali.

Sura ya nne ilihusu kupima urefu wa kitu bila kukipanda. Ilikuwa na maswali saba. Aliyajibu yote, akafungua majibu nyuma ya kitabu, akakuta mwandishi amekosea yote saba. Alimhurumia. Akatoa kalamu ya wino mwekundu, akamsahihishia kwa mwandiko wa kiungwana, na pembeni akaandika: "Tuwe makini."

Watu wa mtaani walimwita Profesa. Alijua wanamtania, lakini kwa mtu aliyeudhika alikuwa akiitika haraka mno.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mkaratusi uliooza shina. Kushoto kwake zilipita nyaya za umeme, kulia kulikuwa na ukuta wa jirani. Upande pekee wa kuuangushia ulikuwa uwanjani, kuelekea kibanda cha mbao alimoshonea mkewe. Humo mlikuwa na cherehani, meza ya kukatia, na sare arobaini za shule zilizobakiza vifungo tu. Fundi wa msumeno alipokuja kuukagua, aliutazama mti, akakitazama kibanda, akakuna kidevu.

"Mama, toa vitu vyako. Na mbele hapo tufungue mabati."

"Ya nini?" Profesa akasema. "Mti unapimika."

Akahesabu mita ishirini kutoka shinani kwa futi ya kamba. Akainua kipimapembe alichokifunga uzi na nati, akafumba jicho moja, akasoma nyuzi thelathini na tano. Akafungua jedwali la tanjenti mbele ya watu wote, taratibu, ili aliyetaka kuona aone.

"Mita kumi na nne! Kibanda kiko mita kumi na tano. Tunabakiwa na mita nzima ya kupumulia."

"Profesa," jirani akauliza juu ya ukuta, "na mti wenyewe umeambiwa?"

"Mti hauhitaji kuambiwa. Umeshahesabiwa."

Mkewe aliingia kibandani, akaendelea na vifungo. Kwa miaka arobaini alikuwa amemwamini mumewe kwa mambo makubwa, na kwa madogo alikuwa akihakikisha mwenyewe. Hili hakujua aliweke wapi.

Asubuhi ya pili msumeno ulipoanza kunguruma, alikuja jikoni. Profesa alikuwa anakunywa chai, kitabu wazi mbele yake, akiufurahia wino wake.

"Baba watoto, hizi nyekundu ni nini?"

"Makosa ya mwandishi."

"Mangapi?"

"Saba."

"Na wewe?"

"Mimi sina."

Mama akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye orodha. "Mbona majibu yake yote yamezidi yako kwa kiasi kilekile? Moja nukta sita. Moja nukta sita. Tena moja nukta sita."

"Ndiyo maana nasema hakuwa makini."

"Mimi nguo saba zikitoka fupi kwa inchi zilezile, siendi kugombana na kitambaa. Naangalia futi yangu."

Profesa alitaka kujibu, lakini mkono wake ulikuwa umeshaanza kurudisha kurasa, hadi kwenye ule mfano wa kwanza alioudharau. Kwenye mchoro alisimama mtu mdogo, na mstari wa pembe haukuanzia miguuni mwake. Ulianzia jichoni. Chini yake mwandishi alikuwa ameandika kwa upole: ongeza urefu wa jicho la mpimaji kutoka ardhini. Hata maswali yenyewe yalikuwa yametaja jicho la mita moja nukta sita. Profesa alidhani ni maelezo ya kunogesha tu.

Miaka thelathini pale mizanini aliwafokea madereva kwa kutaka kusahau uzito wa lori tupu. Sasa kapima mti mzima na kilichomponyoka ni yeye mwenyewe, mtu ambaye hajawahi kuachwa nje ya hesabu yoyote aliyoipiga.

Angeweza kukaa kimya na kuomba upepo umwokoe. Aliliwaza hilo kwa muda wa funda moja la chai. Kisha akatoka mbio, kandambili moja mguuni, nyingine sijui wapi.

"Simamisha! Zima! Nimekosea!"

Msumeno ukanyamaza. Jirani akachomoza juu ya ukuta kama aliyeitwa.

"Umesemaje, Profesa? Rudia, sikusikia vizuri."

"Nimekosea! Sikujijumlisha! Ongezeni moja nukta sita!"

"Moja nukta sita ni ya nani?" mkewe akauliza, akivua futi shingoni. Akamsimamisha palepale mbele ya watu, akampima kutoka ardhini hadi jichoni. "Moja na nusu. Na hapo mguu mmoja una kandambili."

Walicheka hadi fundi akakaa chini. Lakini walisaidia. Cherehani ilibebwa, meza ikabebwa, sare zikapelekwa kitandani, mabati na nguzo za mbele zikafunguliwa. Kisha mti ukaanguka kwa kishindo, kilele kikapita penye mlango na kulala ndani, pale alipokuwa akikaa mama kushona.

Profesa alipima kutoka shinani hadi kileleni. Mita kumi na tano na nusu, kasoro vidole vinne. Alitafuta mtu wa kumwambia. Jirani alikuwa anawasimulia wapita njia habari za kandambili.

Basi akaenda jikoni, akachukua kalamu ileile nyekundu, akafuta kwa mstari masahihisho yake yote saba, moja baada ya jingine. Alipofika kwenye "Tuwe makini", mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma yake na rundo la sare, akamshika mkono.

"Hiyo iache," akasema. "Ndiyo pekee uliyoipata."