Mikono Mitatu Kwenda Kushoto

Siku ya kumi na tisa ilifika, na ile mikono mitatu bado ilikuwa inazunguka kushoto.

Mama Pacha alisukuma kiti nyuma, akaikodolea macho skrini kama mtu anayemtazama mgeni asiyetaka kuaga. Kazi yake pale maabara ilikuwa kuchambua mwanga uliosokotwa. Mwale wa leza ulipita kwenye lenzi maalumu, ukatoka umejisokota kama uzi wa parafujo. Ukichanganywa na mwanga wa kawaida, kamera ilinasa umbo kama gamba la konokono. Idadi ya mikono yake iliyopinda ilionyesha misokoto mingapi, na upande ilikogeukia ndio uliokuwa upande wa msokoto. Lenzi hii ilitengenezwa isokote mara tatu, kulia. Mikono mitatu, sawa. Lakini kushoto!

Vumbi alishafuta. Programu ya kuchambua picha alishaiandika upya mara mbili. Nyumbani alichora konokono kwa kidole mezani, chakula kikapoa.

"Kula kwanza, mke wangu," mumewe alimwambia jana. "Konokono hajawahi kumkimbia mtu."

Hakucheka.

Profesa alichungulia mlangoni, simu mkononi. "Bado tu?"

"Bado."

"Hesabu zako zina kasoro. Igeuze hiyo lenzi nyuma mbele, tumalize."

"Nikiigeuza, picha itakwenda kulia, ndiyo. Lakini mshale wa njia ya mwanga uliochorwa ukingoni mwake utaelekea nyuma. Hapo tutakuwa tumemfundisha shahidi la kusema."

"Basi tafuta. Ripoti ni Ijumaa." Akaenda zake.

Mama Pacha aliirudia meza kwa hasira. Akachukua mchoro wa mtambo, akaweka kidole juu ya kila kioo. Kila kioo hugeuza kulia kuwa kushoto; vinne, kama mchoro ulivyosema, vinarudisha mambo yalivyokuwa. Hilo alilijua hata usingizini. Ila safari hii aliuacha mchoro, akaufuata mwanga wenyewe mezani, hadi kwenye kifuniko cheusi kilichokinga kamera. Akafungua parafujo zake nne.

Kioo cha tano kilikuwa kimekaa humo, kimetulia tuli.

Alimwita fundi wa maabara, ambaye wote walimwita Bisibisi kwa sababu bisibisi haikutoka mfukoni mwake.

"Hiki kakiweka nani?"

"Mimi, mwezi uliopita. Mlango ulikuwa unaigonga kamera, nikaihamishia pembeni. Sasa mwanga ungeifikiaje bila kukata kona?"

"Na ukanyamaza?"

"Ninyamaze wapi, dada! Nilimwambia Profesa. Alikuwa anaongea na simu, akanijibu, 'Sawa, sawa.'"

Mama Pacha hakubisha hodi ofisini kwa Profesa. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akikuna kidevu.

"Si umepata? Furahi, basi. Ila ungefunua kifuniko siku ya kwanza. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole."

"Huu sikujidunga, Profesa. Nilifuata mchoro, na saini iliyo chini yake ni yako."

Profesa aliuvuta mchoro, akachora kioo cha tano, kimepinda kidogo, akaandika tarehe. Pole haikumtoka.

Mama Pacha alirudi mezani akidhani furaha itamjia. Wapi! Picha mia sita zilisubiri kuchambuliwa upya, na programu iliyokuwa sahihi ni ile ya kwanza kabisa, ambayo aliifuta kwa hasira siku ya nane. Akauma meno, akaanza mstari wa kwanza.

Ripoti ilikamilika Ijumaa mchana: misokoto mitatu, kulia. Katika ukurasa wa pili aliandika wazi kwamba siku kumi na tisa zilipotea kwa sababu ya kioo ambacho hakikuandikwa popote. Profesa aliusoma ukurasa ule mara mbili, kalamu ikining'inia juu ya sentensi hiyo. Akaguna. Kisha akafungua ukurasa wa tatu.