Sahani ya Pili ya Bwana Leong

Saa saba mchana, Jumamosi moja ya Agosti 1957, sahani ya wali iliwekwa mbele yangu katika hoteli ya Bwana Leong, karibu na stesheni ya Thika. Pembeni wali ulikuwa mweupe. Katikati, pale kuku alipomwagiwa mchuzi, ulikuwa na rangi ya kahawia nzito, kama maji ya mto Chania baada ya mvua. Sikujua rangi hiyo imetoka wapi, kwa hiyo sikushika kijiko.

Mkabala nami alikaa Magdalene Wamboi, mama yake Mburu, kijana aliyetaka kunioa, kitambaa kichwani, kiondo magotini. Alikuwa ametoka Murera kuja kuona jambo moja tu: kama mimi hula.

Alikuwa na sababu. Mwezi wa Mei alikuja kwetu Gitothua kwa mara ya kwanza, na mkate ndani ya kiondo, kama mgeni yeyote mwenye adabu. Mama yangu aliukata, akaupaka siagi, akaupitisha. Kipande changu nilimpa dada yangu bila kukionja. Wiki iliyofuata Mburu aliniletea ujumbe.

"Mama anasema msichana anayekataa mkate wa mgeni ama ana dharau ama ni mgonjwa. Na anasema dharau anaweza kuivumilia."

Nilikuwa mgonjwa, au nilikuwa nimewahi kuwa mgonjwa. Wakati ule sikujua neno lipi ni sahihi. Tangu utotoni tumbo langu lilivimba huku mikono ikikonda. Nilipoanza kufundisha, watoto walikuwa wakinibebea vitabu kwa kunihurumia. Kisha daktari mmoja wa Thika akanieleza alichokuwa amesoma: kule Uholanzi, wakati wa vita, mkate ulipokosekana, watoto fulani waliokuwa wakidhoofika walipata nafuu, na mkate uliporudi wakaugua tena. Akasema ndani ya ngano mna kitu kinachofanya unga unate, na kitu hicho ndicho kilichokuwa kikiniharibu utumbo. Niache ngano na shayiri. Niliacha. Baada ya mwaka mmoja sketi zangu zote zilikuwa zinanibana. Huo ndio ushahidi niliokuwa nao, na ulinitosha.

Nyumbani haikuwa kazi. Githeri ya mahindi na maharagwe, nduma, viazi, uji wa wimbi: vyote nilikula na kulala vizuri. Tatizo lilikuwa heshima. Ukienda kwa watu wanaokuthamini, hawakupi githeri. Wanakupa chapati, mandazi, mkate. Na kwetu chakula hakiulizwi kimewekwa nini. Kuuliza ni kumwambia mwenye nyumba kwamba huenda ana nia ya kukuua.

Hoteli ya Mchina lilikuwa wazo la Mburu. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha mananasi, na aliwahi kumtengenezea Bwana Leong pampu ya maji. Bwana Leong alikuwa amefika Thika kutoka kisiwa cha Morisi, na hakuwa akiangalia rangi ya mtu mlangoni.

"Wachina ni watu wa mchele," Mburu aliniambia. "Ngano itoke wapi? Utakula mpaka ushindwe kuinuka, na mama ataona kwa macho yake."

Sasa mama alikuwa anaona. Alinitazama mimi, akatazama kijiko, akanitazama tena. Ningekula, angeridhika siku hiyo, na mimi ningelala wiki nzima nikijikunja. Ningekataa tena, hapangekuwa na safari ya tatu. Nilihitaji kujua kilichokuwa mle ndani kabla ya kuchagua.

"Bwana Leong," nikaita. "Huu mchuzi mweusi umetengenezwa na nini?"

Mburu, aliyekaa kando yangu, aliacha kutafuna.

"Soya!" akajibu kwa fahari, akifuta mikono. "Soya, chumvi, ngano kidogo. Mimi nafanya mwenyewe, nakaa ndani ya mtungi mpaka nakuwa mweusi. Bila ngano hapana tamu."

Nikaisukuma sahani mbele.

"Aterere!" akasema Wamboi. "Mburu, umeniletea mwalimu au polisi? Tangu lini chakula kikahojiwa?"

"Maitu, ngoja—" Mburu akamwambia mama yake.

"Nyamaza wewe. Ana mdomo, nimeusikia sasa hivi."

Nikamweleza. Nilianza na tumbo, nikaja kwa daktari, nikamaliza na mkate wake wa Mei. Nikamwambia pia kwamba daktari hakuniahidi kuwa nitazaa, wala hakunikatalia. Alisikiliza bila kupepesa macho.

"Githeri unakula?"

"Nakula."

"Nduma?"

"Nakula."

"Mukimo?"

"Kumshinda Mburu."

"Huyo hata kuku humshinda. Na ule mkate wangu?"

"Ungenilaza kitandani."

"Niliununua Ruiru kwa Mhindi," akasema, kama anayetafuta wa kubebeshwa lawama. Kisha akaweka kiondo juu ya kiti, akainuka na kuingia jikoni bila kubisha.

Bwana Leong akamfuata, nasi tukabaki tukisikiliza.

"Karai hii imeoshwa?"

"Naosha tayari, mama."

"Osha tena, mimi nikiangalia. Na huu unga wa kumpaka kuku?"

"Ya ngano."

"Toa. Wa mahindi huna?"

"Iko. Lakini hiyo posho ya wafanyakazi. Kuku nakuwa kama ugali!"

"Vizuri. Atakuwa chakula."

Mburu alikuwa ameinamisha kichwa. "Nilidhani mchele ni mchele," akasema.

"Ulikuwa mchele," nikamwambia. "Kosa ni la mchuzi."

Sahani ya pili aliileta Wamboi mwenyewe: kuku, tangawizi, majani ya vitunguu, na wali mweupe toka ukingo hadi ukingo. Hakuiweka mezani. Alisimama nayo, akachota kijiko kimoja, akala, akameza, kama wanawake wa rika lake wanavyoonja uji kwenye kibuyu kabla ya kumpa mgeni. Kisha akanigeuzia mpini wa kijiko.

"Kula, mwari. Nimemsimamia."

Chumvi ilikuwa imepungua. Nilikula chote.

Ile sahani ya kwanza Wamboi aliivuta upande wake ili isitupwe. Alionja mchuzi mweusi kwa tahadhari, akasita, akaonja tena, kisha akainama na kula hadi sahani ikabaki tupu.

"Pole sana," akaniambia, akijifuta midomo. "Hujui unachokosa."

Bwana Leong alicheka mpaka akashika mlango. Mburu naye akacheka, na mimi pia.

Usiku huo tumbo langu lilitulia. Kesho yake pia.

Jumamosi ya wiki iliyofuata Wamboi alifika Gitothua na wanawake wawili wa Murera. Mama yangu alikipokea kiondo, akakipeleka jikoni, akaanza kutoa vitu nilipokuwa nikichochea moto: sukari, majani ya chai, ndizi mbivu, nduma zilizooshwa udongo. Akapitisha mkono hadi chini, akageuka kunitazama, akaupitisha tena. Hapakuwa na mkate.