Maji ya Mwarobaini

Bi Mwatum alikuwa akizungumza na mabilingani yake. Usimcheke. Mtu asiyeitikiwa salamu mwaka mzima ataongea na chochote kilichosimama mbele yake, na bilingani angalau halimpi mgongo.

Kijijini kwao, nje kidogo ya Konde, siasa za vyama vingi ziliwakuta watu wakiwa ndugu na zikawaacha wamegawana kila kitu: kisima, duka, hata msiba. Ngwali, mumewe Mwatum, alikuwa upande wa wachache, na kwa ubishi wake alivaa kofia ya chama chake mpaka sokoni. Kijiji kikamsusia. Alipokufa, jeneza lake lilibebwa na jamaa waliotoka Mkoani. Bi Asya, jirani yao, aliyekula chano kimoja na Mwatum tangu wote wawili wakiwa mabibi harusi, siku ile alikaa ndani kwake, mlango kaurudisha.

Mwatum aliusamehe mlango. Alichoshindwa nacho ni kimya kilichofuata. Dini imekataza kununiana zaidi ya siku tatu, na kuitikia salamu ni wajibu. Hilo mtoto wa chuoni analijua. Lakini kila asubuhi Mwatum alitoa salamu yake juu ya ua wa mbaazi uliotenga bustani zao, na kila asubuhi Asya aliinama kung'oa jani ambalo halikuwepo.

Ndipo vidukari walipoingia. Waliganda chini ya majani ya mabilingani na mabamia, wakafyonza mpaka majani yakajikunja, na sisimizi wakipanda na kushuka kama waalikwa. Mwatum akaenda Konde kwa Msellem, bwana shamba.

"Usitie dawa ya dukani, Bi Mwatum, utaua na nyuki," alimwambia. "Twanga majani ya mwarobaini, yaroweke mpaka kesho yake, chuja, tia sabuni kidogo ipate kushika. Nyunyiza alasiri jua likipoa, na chini ya majani usipasahau, ndiko wanakokaa. Lakini mwambie na jirani yako afanye hivyo hivyo. Dudu hawa hawana chama. Ukiwafukuza kwako watahamia kwake, na wakinenepa watarudi."

"Nitamwambia," alisema Mwatum, akajishughulisha kukaza kanga yake. Angemwambiaje kijana wa watu kwamba hana jirani wa kumwambia kitu?

Alifanya kama alivyoelekezwa, na bustani yake ikapata nafuu. Haikupita muda vidukari wakarudi, na walirudi kutokea upande wa mbaazi. Akachungulia. Mabilingani ya Asya yalikuwa yamesinyaa, na Asya mwenyewe amechutama katikati yake anayamwagia maji tu, maskini, kana kwamba yana kiu.

Siku ya harusi ya Moza, bintiye Asya, kijiji kizima kilipanda gari kwenda Gombani. Mwatum hakualikwa. Huyo Moza, Mwatum ndiye aliyemwogesha kwa mikono yake alipozaliwa, Asya akiwa na homa ya uzazi, na sasa vigelegele vya harusi yake alivisikia vikipita barabarani na kuishia mbali. Alilia, tena kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na wa kumsikia. Kisha akanyanyuka, akachukua ndoo ya maji ya mwarobaini, akapenya kwenye mbaazi.

Ukweli usemwe: dudu lilikuwa kisingizio. Alitaka mabilingani ya Asya yapone, Asya ashangae, aulize, na katika kuuliza aseme naye.

Pampu hakuwa nayo. Alifunga vijiti vya mwarobaini kwa kipande cha kanga kuukuu, nyekundu, akawa anachovya na kunyunyiza, mche kwa mche. Alikuwa anamalizia tuta la mwisho aliposikia gari linarudi. Akakimbia na ndoo yake, na kile kifungu cha vijiti akakisahau chini ya bilingani.

Mpemba hahitaji kusimuliwa kilichofuata. Vijiti vichungu, vimefungwa kitambaa chekundu, shambani mwa mtu, siku ya harusi ya mwanawe: nani asingeuita uchawi!

Asubuhi Mwatum aliisikia sauti ya Asya, lakini Asya hakuwa akisema naye. Alikuwa akisema na kuku wake.

"Weye kuku, kamwambie alonitilia sihiri hino, mie na mwanangu tumemkosa nini? Kaona mwanangu kaolewa, roho imemuuma!" Na huku anasema, anang'oa. Tuta la kwanza lilikuwa limekwisha lala chini, mizizi juu, pamoja na majani machanga yaliyokuwa yameanza kukunjuka.

Mwatum alikimbilia kwenye ua wa mbaazi na ndoo mkononi.

"Asya! Si sihiri. Ni mwarobaini, ni dawa ya vidukari. Nimetia kwangu na kwako."

"Kuku, wasikia maneno hayo?" alisema Asya, akang'oa mche mwingine.

Mwatum aliitua ndoo. Akachota kwa kata yale maji yaliyobaki, sabuni na yote, akayanywa mbele ya macho ya jirani yake. Mimi simshauri mtu. Uchungu ulimpanda mpaka masikioni, machozi yakamtoka, na bado akapiga funda jingine.

Asya alisimama, bilingani mkononi.

"Hujapiga bismillahi, Mwatum!"

Neno lilimtoka kwa ukali uleule wa zamani, walipokuwa wakila pamoja. Kisha akaziba mdomo kwa upande wa kanga, kama aliyeangusha kitu cha watu. Akalitupa bilingani, akaingia ndani, akaurudisha mlango. Tuta la mwisho lilibaki limesimama.

Aliyesahau mwanzoni hufunzwa aseme baadaye, na Mwatum akasema, peke yake mbele ya mbaazi: "Bismillahi, mwanzo wake na mwisho wake."

Kesho yake alitoa salamu, wala hakuitikiwa. Lakini siku ile aliyokunywa, mpaka adhuhuri, uchungu ulikuwa bado umemshika ulimini, na maji ya kusukutua yalikuwa mtungini, hatua mbili tu. Hakusukutua. Jina lake, alilolitamka Asya, lilikuwa limeingia pamoja na uchungu ule, na alichelea asije akavitema vyote viwili.