Jina la Kwanza Kwenye Bima

Mkadiriaji wa hasara alikuja siku ya tatu baada ya moto, kavaa viatu vyeupe, na kwa hilo peke yake Mama Sponji alimdharau. Nani anakuja kukanyaga majivu na viatu vyeupe? Lakini mtu huyo alikuwa anaijua kazi yake. Alipiga picha, akapima dari kwa utepe, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole, na kila alichokiona akakiandika.

Mama Sponji hakuwa na mtoto. Jina alipewa na wateja, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akitengeneza makochi kwenye vyumba vya chini vya nyumba waliyoachiwa na mama yao, yeye na mdogo wake wa kiume. Watu walitania kwamba amezaa viti. Mdogo wake, muuza vipuri vya magari ambaye mtaa mzima ulimwita Bosi kwa kuwa alipenda kuitwa hivyo, alikaa juu na mkewe na watoto wao wawili. Hati ya nyumba ilikuwa na majina mawili, nusu kwa nusu. Mambo ya bima aliyashika Bosi, maana ndiye aliyejua kuongea na watu wa ofisini. Dada mtu alikuwa anampa sehemu yake ya ada kila mwaka, wala hajawahi kuuliza risiti.

Moto ulianza saa nne asubuhi kwenye nyaya za nyuma ya mita, chini ya ngazi. Hakuna aliyeumia. Juu, dari iliharibika na ngazi ya mbao ikateketea. Chini hakikubaki kitu. Sponji ikishika moto haina simile. Vitambaa, gundi, makochi mawili ya watu, kitanda chake, na cherehani tatu, moja ile kubwa ya kushonea ngozi, vyote vilikwenda.

Mkadiriaji alipomaliza kuandika televisheni na makabati ya juu, alifunga kalamu.

“Na cherehani zangu?” akauliza Mama Sponji.

Yule bwana akapekua karatasi zake. “Samahani, mama. Wewe ni nani kwenye nyumba hii?”

“Mimi ni nani?” Alidhani ni utani. “Mimi ndiye dada yake. Hii nyumba ya mama yetu.”

“Hapa waliotajwa ni mwenye bima, mke wake na watoto wawili. Chini imeandikwa stoo. Haina mtu, haina kitu.”

Mama Sponji akamgeukia mdogo wake. Bosi alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake kana kwamba ameviazima.

“Ni makaratasi tu hayo, dada,” akasema. “Usiyajali.”

Kesho yake Mama Sponji alikwenda kwa wakala wa bima. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la madaftari, na wakala mwenyewe alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, mtu asiyecheka ovyo. Hakuwa upande wa Bosi wala wa mtu yeyote. Alikuwa upande wa mafaili yake.

“Nataka kujua,” akasema Mama Sponji, “nani anaruhusiwa kutajwa kwenye bima ya nyumba.”

“Mwenye nyumba. Wakiwa wawili, wote wawili. Mume au mke. Ndugu anayekaa humo, mradi aandikwe. Benki, kama nyumba imewekwa rehani. Mpangaji anajikatia yake kwa vyombo vyake. Rafiki na jirani, hapana. Kitu kikiungua nawe hupotezi chochote, utakikatiaje bima?”

“Na mimi?”

“Wewe ulikuwemo.” Wakala akavuta faili, akalifungua, akaligeuza. “Mpaka miaka mitatu iliyopita.”

Jina lake lilikuwa limepigwa mstari mmoja ulionyooka. Pembeni, kwa mwandiko wa Bosi: *Aondolewe. Amehama. Vyumba vya chini ni stoo tupu.* Kisha sahihi yake, ile yenye mkia mrefu.

“Amehama,” Mama Sponji akasoma kwa sauti. “Kwa nini aseme hivyo?”

Wakala akarekebisha miwani yake. “Karakana ya sponji na gundi ndani ya nyumba inapandisha ada. Ulipotoka, ada ilishuka karibu nusu. Jina lake lilikuwa la kwanza, na mwenye jina la kwanza ndiye anayeongeza na kupunguza.”

Miaka mitatu! Miaka mitatu alikuwa anatoa pesa ya kulinda vitu vya watu wengine. Na huyu ndiye mtoto aliyembeba mgongoni mama alipokuwa mgonjwa, aliyemshonea shati la shule kwa bitana ya kochi, likamkaa vizuri hata mwalimu akauliza limenunuliwa wapi. Mama Sponji hakulia. Aliaga kwa adabu, akatoka, akatembea hadi kwa jirani yake muuza dawa aliyemhifadhi kwenye chumba cha uani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikaa hapo mpaka akajua atafanya nini.

Kumbe hata kumtafuta Bosi hakukuwa na haja. Alikuja mwenyewe jioni ya siku ile, mkewe nyuma yake.

“Dada, kuna jambo dogo,” akaanza. “Yule mkadiriaji ameona vyuma vya cherehani kwenye majivu. Sasa kampuni inamtuma mtu mwingine, Jumatatu, kwa wakala. Watakuuliza. Wewe sema ulihifadhi tu vitu vibovu pale.”

“Na nilikuwa nalala wapi?”

“Kwa rafiki. Rafiki hakosekani.”

“Wifi,” mkewe akadakia, “ukweli ukijulikana hawatulipi hata senti. Na nusu ya nyumba ni yako. Utajichoma na wewe.”

“Tukilipwa nitakununulia cherehani,” akasema Bosi. “Nzuri tu, hata kama ni ya kuzungusha kwa mkono. Dada, damu ni nzito kuliko maji.”

“Ni nzito,” akasema Mama Sponji, “lakini haizimi moto.” Kisha akatabasamu. “Haya. Nitajibu nitakachoulizwa.”

Bosi alimkumbatia. Alikuwa hajamkumbatia tangu msiba wa mama yao.

Jumatatu walikaa watatu mbele ya mtu wa kampuni, mwanamume mkavu mwenye kinasa sauti, na wakala pembeni. Mama Sponji alikuwa amekuja na mfuko wa nailoni. Swali la kwanza lilikuwa kama anakaa kwenye nyumba hiyo.

“Nakaa. Sijawahi kulala nyumba nyingine mpaka siku ya moto.”

Bosi akageuka, akamtazama mkewe.

“Vyumba vya chini vilikuwa na nini?”

“Karakana yangu. Sponji marobota tisa. Gundi madumu manne. Cherehani tatu.” Akatoa kwenye mfuko picha ambazo wateja walikuwa wamempigia mbele ya makochi yao mapya, mlango na ngazi vikionekana nyuma, na barua ya muuza dawa, na nyingine ya shule iliyomkabidhi viti vya ukumbi. Akazipanga moja moja, taratibu, kama anayepanga vifungo. “Na mdogo wangu anajua. Kila asubuhi alipita mlangoni pangu, akanisalimia, nikampa chai.”

“Dada!” Bosi alisema kwa sauti nyembamba.

“Umeniambia nijibu, najibu.”

Aliona uso wa mdogo wake unavyoshuka kidogo kidogo, akasikia utamu kifuani, utamu wa kukuna upele uliowasha kwa siku nyingi. Hakuuonea aibu.

Barua ya kampuni ilifika baada ya wiki mbili. Bosi alisema uongo kwenye maombi, hivyo hakuna fidia, na bima imefutwa. Nusu ya Mama Sponji ikabaki majivu pamoja na nusu ya mwenzake, kama wifi alivyotabiri. Alikuwa amelijua hilo tangu pale kwenye ndoo, na alikuwa amelikubali.

Wifi alimvamia dukani kwa muuza dawa mbele ya wateja. “Hukumkomoa yeye, umewakomoa watoto!” Na kweli, siku moja Mama Sponji akipita pale nyumbani alimwona mtoto mdogo akipanda juu kwa ngazi ya kuegesha, ile ya mafundi wa rangi, mkoba wa shule mgongoni, anashika kila kipago kwa mikono miwili. Mama Sponji alisimama mpaka mtoto akafika. Lakini hakurudi nyuma.

Ikabidi Bosi akope benki, nyumba iwe dhamana. Benki ikataka mambo mawili: sahihi za wamiliki wote wawili, na bima mpya. Akaja tena chumba cha uani. Safari hii alikuja peke yake, na Mama Sponji hakumkaribisha kiti.

“Nitatia sahihi,” akasema, “kwa masharti. Kwanza, jina la kwanza kwenye bima ni langu. Pili, utasema mbele ya ukoo ulichoandika.”

“Mbele ya ukoo? Dada, unataka kunivua nguo?”

“Mimi niliambiwa sipo. Wewe utakuwa upo, tena umesimama.”

Jumapili ndugu wakakusanyika sebuleni kwa mjomba wao, watu kumi na moja. Mjomba alikuwa mzito wa masikio, na hakuna aliyemwandaa. Bosi akasimama, akakohoa.

“Niliandika kwamba dada amehama.”

“Amefanya nini?” mjomba akauliza, mkono sikioni.

“Amehama!”

“Lini? Mbona jana alikuwa hapa?”

“Hakuhama, mjomba. Niliandika tu kwamba amehama.”

“Alihamia wapi?”

“Hakuhamia popote!” Bosi alipiga kelele, jasho likimtiririka. “Alikuwepo! Nilidanganya! Nilimfuta dada yangu ili nilipe kidogo!”

Binamu mmoja akacheka, akajifanya amepaliwa. Mjomba akashusha mkono, akamwuliza mpwa wake polepole, “Yule yule aliyekulea?” Bosi akaitikia kwa kichwa, na safari hii mjomba hakuomba arudie. Mama Sponji alimaliza chai yake yote.

Jumanne alikuwa kwa wakala. Alitaja karakana, gundi na sponji, akakubali ada ipande inavyopanda. Jina lake likaandikwa juu. Kisha akamtaja wifi yake kwa majina yake yote matatu, na watoto mmoja mmoja, na umri wao.

“Na mdogo wako?” akauliza wakala.

“Asipotajwa inakuwaje?”

“Nusu yake inabaki bila kinga. Na benki haitatoa mkopo. Mwisho wao ni Ijumaa.”

“Basi nina siku tatu za kufikiri.”

Wakala akamwangalia juu ya miwani, akafunga faili. Bosi alipiga simu Jumatano mara sita. Alhamisi alimtuma wifi, naye Mama Sponji akamwambia kwa upole, “Wewe umeshaandikwa, nenda ukapumzike.” Ijumaa aliingia ofisini saa kumi kasorobo, zikiwa zimebaki dakika chache wafunge. Bosi alikuwa kwenye benchi tangu asubuhi, shati limejikunja mgongoni.

“Muulize, mama,” Mama Sponji akamwambia wakala. “Kama nilivyoulizwa mimi. Anakaa wapi, na ni nani kwenye nyumba ile.”

Wakala akauliza. Bosi akajibu kila swali, kichwa chini, kama mwanafunzi. “Nakaa juu. Ni mdogo wake.” Ndipo Mama Sponji akatia sahihi.

Nje, Bosi alimshika mkono. “Dada, yameisha?”

“Bima inaisha mwakani, mwezi kama huu,” akasema. “Tutaongea.”

Akautoa mkono wake taratibu, akavuka barabara. Kulikuwa na fundi mmoja aliyestaafu, ana cherehani ya kushonea ngozi anaiuza, na alitaka kuifikia kabla giza halijaingia. Aliijaribu kwa kipande cha ngozi alichokuja nacho, akaukagua mshono mbele na nyuma, akamwambia yule mzee kwamba mkanda wa cherehani umechoka na asijaribu kumbishia.