Chumvi kwenye Ukuta wa Gereji

Ukuta wa gereji ulikuwa umetoa chumvi nyeupe hadi usawa wa goti, na baba mtu kila Jumamosi alikuwa akiusugua kwa maji na sabuni, kisha anaupaka rangi ya mafuta. Fundi mwenye miaka arobaini kazini, jamani, anaosha chumvi kwa maji. Maji yanaiyeyusha, inarudi ndani, rangi inaifungia humo, nayo inapanda juu kutafuta pa kutokea. Mwaka juzi ilikuwa usawa wa kifundo cha mguu.

Binti yake wa pili, aliyerithi ufundi wa baba, mwiko na timazi, aliitwa aseme neno moja tu: panakalika au hapakaliki. Magoti ya mama yamegoma, ngazi za kwenda chumbani hapandi tena. Ama gereji igeuzwe chumba chake, ama ahamie kwa dada mkubwa, mji mwingine, kwenye nyumba isiyo na ngazi. Na kifua cha mama hakitaki unyevu hata kidogo.

"Ni mvua ya upepo tu," baba alisema. "Sakafu hii nimeimwaga mwenyewe. Mimi si fundi wa jana."

"Hakuna aliyesema, baba. Tupime tu."

Akakata kipande cha nailoni, akakibandika sakafuni kwa selotepu pana pande zote nne. Baada ya siku mbili, matone yakionekana chini yake, unyevu unatoka ardhini. Pakiwa pakavu, lawama ni ya mvua. Baba alisimama amefunga mikono kifuani.

Siku ya tatu asubuhi nailoni ilikuwa kavu kabisa. Baba alikuwa amenyoa ndevu, mchangamfu huyo, ameshaanza kuonyesha kitanda kitakaa wapi na kabati litakaa wapi.

Binti akachuchumaa. Akibandika selotepu huwa anakunja ncha, ili kubandua kuwe rahisi. Mazoea hayo aliyapata kwa baba huyuhuyu. Upande wa ukutani selotepu ilikuwa imebandikwa upya kwa haraka, ncha haina mkunjo. Akainua nailoni. Simenti ya chini yake ilikuwa nyeusi kuliko ya pembeni, na alipoigusa ilikuwa na ubaridi wa maji.

"Baba, umeifuta."

Mzee alijitia kukagua dirisha. Halafu akakata tamaa ya kujitetea. "Sikuweka nailoni ya kuzuia unyevu chini ya zege," alisema. "Mvua ilikuwa inakuja, nina haraka, nikasema gari haliumwi kifua."

"Hilo linarekebishika. Tunavunja sakafu, tunabandua plasta yote iliyoliwa na chumvi, ukuta unakauka wenyewe, tunatandika nailoni, tunamwaga zege upya. Miezi miwili."

"Na hiyo miezi miwili mama yako yuko wapi?"

"Kwa dada."

"Akienda harudi. Kule kuna wajukuu, bafu liko hapohapo karibu. Arudi kufuata nini? Nimelala kitanda kimoja na mama yako miaka arobaini na miwili. Kulala peke yangu sijui."

Binti alipandwa na hasira, na huruma ikamshika papo hapo. "Kwa hiyo ungemlaza hapa akohoe?"

"Ningekuwa naifuta kila siku," baba alisema.

Mlango wa kuingilia nyumbani ulifunguka. Mama alikuwa ameegemea fimbo yake, na kwa uso wake tu ilijulikana kwamba amesikia yote.

"Jana nilimwona akiingia humu na kitambaa," alimwambia binti. "Nikajua. Nguo nimeshapanga. Zangu, na mashati yake manne."

"Mashati yangu ya nini?" baba aliuliza.

"Ulidhani naenda na nani?"

"Na kazi ya hapa nani ataisimamia?"

"Si huyo fundi hapo? Wewe sakafu ulishaimwaga mara moja, baba, inatosha."

Mzee alimtazama mkewe. Wiki nzima alikuwa akiwaza jinsi atakavyoachwa. Kwamba na yeye angeweza kuondoka, hilo halikumpitia akilini hata mara moja. Alikaa palepale kwenye sakafu yake yenye maji, akalia bila kujificha.