Unga Uliosimama Uzunguni

Mwanne alichekecha unga wa mtama mara mbili, maana unga wenye chenga hausimami, na unga usiosimama unaweza kuipeleka familia nzima mahali pasipofaa. Aliufunga kwenye pembe ya kitambaa, akambeba Sofia mgongoni, kisha akapeleka mkono nyuma kumpapasa kama ana joto. Sofia alikuwa na miaka miwili na degedege lilikuwa limeshamkamata mara mbili, zote jua la mchana lilipomchoma. Mama mwingine angechagua mahali pa kuhamia kwa kutazama shamba au soko. Mwanne alitazama kivuli.

Kuhama kulikuwa hakuna budi. Mwaka ule wa arobaini na tisa matingatinga ya mradi wa karanga wa Waingereza yalifika Naipingo, yakienda mawili mawili na mnyororo katikati, na kila mti uliokutana na mnyororo ulilala. Watu waliambiwa watoke kabla ya mvua za kwanza. Miti ilipoondolewa, vivuli vilibaki vimelala palepale, kila kimoja mahali pake, na kuku waliendelea kujipumzisha humo. Kisha malori yakaja kuvichukua. Vibarua walivikunja kuanzia pembeni, kama mtu anavyokunja jamvi, wakavipakia na kuvifunika turubai visije vikapauka njiani.

Mikidadi, mume wa Mwanne, alipata kibarua kwenye malori hayo.

"Kazi yenyewe nyepesi," alimwambia mkewe. "Vinateleza tu kidogo. Cha mkorosho ndicho kinateleza zaidi."

"Mnavipeleka wapi, Baba Sofia?"

"Nachingwea, Uzunguni. Nyumba zimejengwa peupe kule, wenyewe wanaungua."

Kibarua ni kibarua. Lililomnyima Mwanne usingizi ni wapi waende: Ruangwa, alikokaa Zaina, dada yake Mikidadi, au Nachingwea kwenye kambi ya vibarua. Na kwa watu wao hakuna anayehama bila kuwauliza wazee waliotangulia. Unamwaga unga kidogo kidogo penye shina la mti mpaka ufanye kilele, unaufunika na chungu, unalala. Ukiukuta asubuhi umesimama, wamekubali. Ukiukuta umeanguka, chukua mzigo wako uende kwingine. Zamani waliulizia kwenye mti wa msolo wa ukoo, uliokuwa na tawi moja lililovunjwa na upepo. Msolo ule nao mnyororo ulikuwa umepita nao. Mjomba Yunusi, mkubwa wa ukoo wa Mwanne, akasema mti wowote utafikisha salamu, mradi una kivuli.

Wakaanza na Ruangwa, mjomba Yunusi akiwasindikiza. Zaina aliwapokea kwa vifijo, akawaonyesha chumba cha uani chenye baraza, kisima kilichokuwa karibu, maduka ya Wahindi na soko. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mkwaju. Sofia alilala chini yake mchana kutwa bila kutoa jasho hata tone, na Mwanne, kwa mara ya kwanza tangu matingatinga yaje, alikula akashiba. Jioni akamwaga unga, akaufunika.

Asubuhi chungu kilikuwa kimepinduka, unga umetapakaa, na nyayo za kuku zimejaa tele.

Zaina alicheka mpaka akashika ubavu. "Wifi, huyo ni tetea wangu, hana adabu kabisa. Mwaga mwingine."

Mjomba Yunusi hakucheka. "Na huyo tetea, katumwa na nani?"

Mwanne alimtazama kuku, akamtazama Sofia. Pale palikuwa na kivuli, na maji, na wifi mwenye roho nzuri, na bado alifunga mzigo wake. Mtoto angeshikwa na degedege pale, wangesema mama yake aliambiwa akakataa kusikia.

Nachingwea walipakuta pekundu. Kambi ilikuwa safu za vibanda vya bati juu ya udongo mtupu, hakuna jani, na saa sita vivuli vya vibanda vilijikunyata chini ya kuta hata paka asipate pa kujibanza. Ndani palikuwa kama chungu kilicho jikoni. Lakini palikuwa na bomba, palikuwa na zahanati, na Mikidadi angerudi nyumbani kila jioni. Mwanne alizunguka kambi nzima na unga wake mkononi akitafuta shina la mti. Hakuliona.

"Hapa hata marehemu hana pa kukaa," mjomba Yunusi alisema, akajifuta kichwa.

Basi wakafuata alama za magurudumu ya lori mpaka Uzunguni. Huko kulikuwa na ubaridi. Vivuli bila miti vilikuwa vimetandazwa juu ya mabaraza, juu ya maua, juu ya uwanja wa kuchezea tenisi. Mwanne alipita akivitambua kimoja kimoja: huu mkorosho wa jirani zetu kina Salimu, huu mpingo wa njia ya mtoni. Kwenye nyumba ya injinia akasimama. Kivuli cha msolo, na lile tawi lake lililovunjika, kilikuwa kimelala toka barazani mpaka kwenye ua. Alikijua kama mtu anavyomjua ndugu yake kwa mwendo tu.

Mpishi wa nyumba ile, Benedikto, mtu wa Masasi, alitokea mlango wa nyuma. "Mama, humu hamuingiwi."

"Kaka yangu, ni kumwaga unga tu."

Benedikto alikitazama kitambaa, akaelewa, maana na kwao walimwaga. "Basi fanya upesi. Bwana anaoga."

Mwanne akamwaga pale ambapo shina lingekuwa, akafunika na chungu. Wakaenda kulala kambini kwa rafiki za Mikidadi. Alfajiri walipofunua, unga ulikuwa umesimama, ncha yake kali kama ndiyo kwanza umemwagwa. Umande haukuugusa. Mbwa wa injinia alikuwa amelala kando yake, wala hakuunusa.

"Wamekubali," alisema mjomba Yunusi.

"Wamekubali nini, mjomba? Hapa ni Uzunguni!" Mwanne alishangaa.

"Mimi sikuwauliza habari za Uzunguni. Wamesema hapa."

Benedikto akacheka kwa puani. "Basi mzee, hao wazee wenu waje wenyewe waongee na bwana. Mimi nitawachemshia chai."

Injinia alitoka na kikombe chake, akautazama unga, akauliza kama unaleta siafu. Akaambiwa hauleti. Akasema unaweza kubaki, watu ndio waondoke.

Ruangwa palikuwa pamekataliwa. Uzunguni pamekubaliwa, ila na wasio na ruhusa ya kugawa nyumba. Mikidadi ndiye aliyekata shauri: watakaa kambini, na wazee watawaona kutoka ng'ambo ya uzio, si mbali. Mwanne alihamisha vyungu vyake huku akihesabia moyoni kila kikohozi cha mtoto.

Siku ya kwanza, jua lilipopanda, aliwaona wanawake wa kambi wametoka nje, wamesimama mstari mmoja, migongo imeelekea jua, na kila mtoto amelazwa kwenye kivuli cha mama yake. Jirani yake alikuwa Magreti, mama wa Kimakua aliyetoka ng'ambo ya Ruvuma, mrefu kama mlingoti, na mwanawe Tadeo alikuwa rika la Sofia.

"Mgeni, unamwachia mtoto jua?" Magreti alimkaripia. "Njoo hapa. Simama sawa. Mfunike mtoto kwa kivuli chako. Sasa ondoka polepole, usikivute."

Mwanne akaondoka polepole. Kivuli chake kikabaki juu ya Sofia, mkono kiunoni, kama alivyokuwa amesimama. Akaenda bombani na Magreti. Huko wanawake wasio na vivuli walikuwa wanagombania ndoo kama wanawake wa popote.

Degedege halikurudi. Mwezi ukapita, Sofia akanenepa mashavu, na Mwanne akaanza hata kuimba akitwanga. Ila Naipingo ilikuwa inakwisha. Vivuli vya huko vilikuwa vimebaki vya vichaka tu, na Uzunguni nyumba zilikuwa zinaongezeka. Siku moja lori lilirudi nusu tupu. Nyapara akasema lori haliingii Uzunguni nusu tupu, akamwonyesha dereva njia ya kambini.

Mwanne alikuwa bombani. Alimwona mumewe anaruka chini na mwenzake Kornel, wanakwenda penye mikeka ya watoto. Alitupa ndoo akakimbia, na hata alipokuwa anakimbia alijua hatawahi.

Kornel aliinama penye mkeka wa kwanza.

"Hicho acha," Mikidadi alisema.

"Cha nani?"

"Cha nyumbani."

Kornel akasogea mkeka wa pili. Wakakikunja kivuli cha Magreti kuanzia miguuni, taratibu, mtoto asiamke. Kilikuwa kirefu, kikajaza pembe nzima ya lori. Wakachukua na vingine vitatu, Mikidadi akafunga turubai. Tadeo akaamka juani akaanza kulia.

Magreti alifika nyuma ya Mwanne na ndoo yake ikiwa bado imejaa. Alitazama chini kulia kwake, akatazama kushoto, akaweka ndoo. Mwanne alimsogeza Sofia ukingoni mwa mkeka, akamvuta Tadeo kando yake, akakipanga kivuli chake kiwafikie wote. Hakikutosha.

Jioni Mikidadi alinawa mikono, akala, akasema ugali ni mzuri.

Kesho yake Mwanne hakwenda bombani, maana kivuli kilichoachwa hakitanuki, na watoto walikuwa wawili. Alisimama mwenyewe akiwakinga. Magreti alichukua ndoo zote mbili akaenda na kurudi, na hakuna mwanamke aliyemuuliza habari, maana kwenye safu ile walikuwapo wengine watatu kama yeye. Jua lilipogeuka, Mwanne naye aligeuka. Lori lilipita likielekea Uzunguni, limejaa, na mtu mmoja juu ya mzigo akapunga mkono. Mwanne hakuinua uso, kwa sababu kila alipouinua, jua liliishika miguu ya Tadeo.