Jeshi la Mkwe Wangu

Klabu yetu ya Busia ingepeleka mchezaji mmoja tu kwenye mashindano ya Kampala, na nilitaka niwe mimi. Nina miaka sabini na miwili. Nilisoma masomo ya usiku baada ya kuchoma matofali kijijini Kwapa mchana kutwa, na katika mchezo huu wa ubao, wa kupatana na kutekeana miji, sijaona kijana wa kunifundisha.

Jumamosi tulibaki watatu: mimi, Lenox wakala wa forodha, mtu asiye na adabu, na Patroba, anayevuka mpaka kutoka upande wa Kenya. Binti yake ameolewa na mwanangu. Kila raundi tunazungumza dakika kumi, kisha kila mmoja anaandika amri zake kwa siri, na Metrine, katibu wetu, anazisoma zote pamoja.

"Mkwe, tummalize Lenox," Patroba aliniambia barazani. "Peleka majeshi yako yote mawili. Nitakuunga mkono."

Niliuacha mji mkuu wangu wazi. Kwetu mkwe hafiki hata mlango wa chumba chako cha kulala. Angeuingiaje mji mkuu wangu mbele ya watu?

Metrine alisoma. Lenox alivunja jeshi langu moja. Jeshi la Patroba lilikuwa ndani ya mji mkuu wangu.

"Mkwe, umeingia chumbani kwangu," nikasema.

"Chumba gani? Hii ni karatasi. Kwako nitakaa sebuleni, kofia mkononi. Hapa nalala kitandani."

Lenox alicheka mpaka akakohoa. "Mzee Okanya, hama basi."

Sasa Patroba na Lenox kila mmoja alihitaji mji mmoja zaidi ili ashinde. Nami nilikuwa na jeshi moja, katikati yao.

"Usinune," Patroba akanong'ona. "Nipe hilo jeshi, ushindi ubaki kwenye ukoo."

Nilimpita nikaenda kwa Lenox. "Shambulia mji mkuu wangu. Nitakuunga mkono."

"Nikuamini kwa nini?"

"Usiniamini. Mtazame yule, kisha unitazame mimi."

Alitutazama wote wawili, akachukua kalamu.

Metrine aliposoma, Patroba alisimama. "Umempa huyu? Anayekutukana kila Jumamosi?"

"Yeye hajawahi kuniita mkwe."

Metrine aliandika jina la Lenox kwenye fomu ya Kampala. Lenox hakunishukuru, nami sikungoja.